Ardis Kvale, Mwalimu wa Miraba, na Barua ya Mwaka 1999

Mchungaji, ndugu, majirani, na ninyi mliosoma kwake: tumekutana leo, Jumamosi tarehe 13 Aprili 2024, katika Kanisa la Kilutheri la Tolgen, Minnesota, kumzika Bi Ardis Marie Kvale. Wasifu huu umeandikwa na binti yake, Renae, naye ndiye anayeusoma. Marehemu aliacha maagizo mawili: wasifu uwe mfupi, na asisifiwe. Aliongeza kwamba mtu yeyote akisimama kumsifu, tumwangalie mikononi ameshika nini.

Kwa ajili hiyo familia inataja mapema lile shada kubwa lililosimama kushoto kwa jeneza. Limeletwa na ofisi ya shule za wilaya, pamoja na kadi inayosema kwamba marehemu alikuwa nguzo ya mageuzi ya elimu. Kadi haikutiwa saini na mtu. Tunashukuru kwa maua.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 9 Februari 1941, katika shamba la Brekke, maili saba kaskazini mwa mji huu, mtoto wa tatu kati ya wanne wa Bwana Nels Brekke na mkewe Inga. Siku hiyo theluji ilikuwa imefika kiunoni na mkunga alifikishwa kwa sleji, gari la kuteleza juu ya theluji. Nels aliitwa kutoka zizini aje amwone mwanawe. Akamtazama, akahesabu, akasema, "Ana vidole vyote," kisha akarudi kwa ng'ombe. Wageni wanaweza kudhani hakufurahi. Wenyeji mnajua kwamba hayo ndiyo maneno matamu kuliko yote aliyowahi kumwambia mtu. Nyumba ile iliamini kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwa kuwa hawakuwa na mgema wala tembo, walijihadhari wasiwasifu watoto na ng'ombe.

Alianza masomo mwaka 1947 katika shule ya chumba kimoja iliyokuwa njia panda ya shamba la Sather, madarasa manane na mwalimu mmoja. Akiwa na miaka tisa alisoma katika kitabu cha maarifa kwamba kila ndege hujenga kiota juu ya mti. Kesho yake akaja na kiota cha ndege alichokitoa chini kwenye nyasi nyuma ya ghala, akakiweka juu ya kitabu, akasema, "Kitabu kimekosea." Alisimamishwa pembeni nusu siku. Saa ya chakula mwalimu aliwaacha watoto, akatoka peke yake hadi nyasini, akarudi akafuta matope kwenye viatu. Alichukua penseli akaukata ule mstari, katika nakala zote sita. Marehemu alisimulia kisa hiki mara nyingi, na kila mara alimalizia kwa kulalamika kwamba hata hivyo aliachwa amesimama pembeni hadi kengele.

Alihitimu sekondari hapa Tolgen mwaka 1959, akaenda chuo cha ualimu Moorhead, akapata shahada mwaka 1963. Septemba mwaka huohuo aliajiriwa na shule yetu ya umma kufundisha sayansi kwa darasa la nane. Alikaa chumba namba 6 kwa miaka thelathini na sita.

Ndoa yake na Bwana Verdell Kvale ilifungwa katika kanisa hilihili Jumamosi tarehe 12 Juni 1965. Verdell alikuwa mkulima wa viazisukari, mpole, asiye na maneno. Alimchumbia kwa miaka miwili. Katika muda huo marehemu alimtuma kaka yake akachunguze kama kijana huyo anakunywa, akamtuma shangazi akachunguze kama ana madeni, na yeye mwenyewe alipita shambani kwake mara tatu bila taarifa aone kama anawapiga farasi. Verdell alijua yote. Usiku wa kufunga ndoa, yeye mwenyewe alisimulia, alimuuliza mkewe, "Sasa umeridhika?" Akajibiwa, "Mpaka sasa, ndiyo." Walijaliwa watoto wawili, Curtis mwaka 1966 na Renae mwaka 1968, wakaishi pamoja hadi Verdell alipofariki Novemba 2011.

Wengi wenu mmekuja kwa sababu ya miraba, basi tuiseme. Nyuma ya shule kulikuwa na kipande cha mbuga ya asili ambacho hakikuwahi kuguswa na jembe. Kuanzia mwaka 1971 marehemu alikigawa kwa kamba. Kila mtoto wa darasa la nane alipewa mraba wake wa hatua moja kila upande, na akawa nao tangu Septemba mpaka Mei. Hapakuwa na kitabu. Mtoto alihesabu majani, akachora wadudu, akapima theluji, akaandika alichokiona, kisha akabishana na wenzake. Swali la marehemu lilikuwa lilelile kwa miaka yote: "Nani kakwambia, au umeona mwenyewe?" Mtoto akijibu kwamba kasoma kitabuni, aliambiwa kwamba kitabu nacho kimeandikwa na mtu, na mtu huyo huenda alikuwa na njaa siku hiyo. Ukweli ni kwamba marehemu alishuku karibu kila kitu: wauza vitabu, utabiri wa hali ya hewa, kopo lisilo na lebo, na mtu yeyote anayetabasamu kabla ya salamu. Aliwarithisha watu wa mji huu shaka hiyo kwa miaka thelathini na sita, na si yote iliyotuletea heri.

Aliweza kufanya hivyo kwa sababu katika shule yetu, mwalimu akishafunga mlango, chumba kilikuwa chake. Hakuna aliyemwingilia. Lakini mlango huohuo ulifungwa pia na jirani yake wa chumba namba 7, mwalimu wa hesabu, ambaye jina lake halitatajwa kwa kuwa watoto wake wako hapa na wameleta saladi. Bwana huyo alifundisha hesabu Septemba yote. Kuanzia Oktoba, maziwa yalipoanza kuganda, alifundisha uvuvi wa kwenye barafu, na hakurudi kwenye hesabu tena. Renae alikuwa na alama za juu kwake kwa miaka mitatu. Alipokwenda chuo kikuu mwaka 1986, mtihani wa kwanza wa hesabu alipata thelathini na moja kwa mia. Alirudi nyumbani Sikukuu ya Shukrani amevimba macho, akamkuta mama yake anachoma lefse, zile chapati zetu za viazi.

"Mama, mlijua kwamba yule bwana hafundishi?"

"Kila mtu alijua."

"Na hamkusema?"

"Mlango ni wake, Renae."

"Na mimi je? Mimi nilikuwa wa nani?"

Marehemu aligeuza chapati. Kisha akasema, "Nikiusukuma mlango wake leo, kesho watakuja kusukuma wangu." Alisema kweli, na binti yake alikasirika kwa sababu ilikuwa kweli. Renae alirudia masomo ya mwaka mzima kwa gharama ya wazazi wake na usingizi wake. Baadaye akawa mwalimu wa hesabu katika mji wa St. Cloud, na tangu siku ile ya chapati aliamini kwamba shule ya umma isiyo na kipimo ni bahati nasibu: mtoto mmoja anaangukia chumba namba 6, mwingine namba 7, na hakuna mwalimu anayeulizwa.

Mwaka 1998 kipimo kilikuja. Jimbo lilileta viwango vipya kwa shule zote, na pamoja na viwango hivyo yakaja majalada manene yenye kazi zilizopangwa hatua kwa hatua. Mkurugenzi wa shule zetu wakati huo alikuwa Bwana Gaylen Pruitt, mtu wa kutoka mbali mwenye sauti laini. Marehemu alimshuku tangu siku ya kwanza, kwa kuwa alimpa mkono kwa mikono miwili.

"Bi Kvale," Bwana Pruitt alimwambia, "mimi binafsi naipenda sana miraba yako."

"Unaipenda ukiwa na lengo gani?"

"Sina lengo. Nataka tu uibakize ndani ya viwango. Watoto wako wakifaulu kazi ya sayansi ya jimbo, endelea na kamba zako mpaka ustaafu. Wasipofaulu, utafundisha kwa jalada kama wenzako. Ni haki hiyo, au si haki?"

"Inaonekana kama haki," marehemu alisema. "Ndiyo maana sijaipenda."

Hata hivyo alikubali. Watoto kumi na tisa wa mwaka ule walifanya kazi ya jimbo kwa kutumia miraba yao, na Machi 1999 majibu yakarudi: kumi na saba kati yao hawakufikia kiwango. Marehemu hakulia. Alienda moja kwa moja kwa mtunza majengo ya shule, Bwana Harlan Moe, mwenye funguo, akamwomba amfungulie stoo ya karatasi. Alikuwa na hakika kwamba Pruitt amezichezea. Harlan alifungua, akamletea kiti, akasimama mlangoni mchana kutwa asije mtu akamfungia ndani. Saa tisa alasiri marehemu alitoka akiwa amejua. Hakuna aliyezichezea karatasi.

Kosa lilikuwa letu. Kazi ile ilimtaka mwanafunzi ajipime mwenyewe, kutoka moja hadi nne, na aandike kwa nini kazi yake ni bora. Alama hiyo ilikuwa na uzito. Watoto wetu walikuwa wamehesabu, wamechora na kueleza vizuri kuliko wengi wa rika lao. Walipofika kwenye kujipima, kila mmoja alijipa moja au mbili. Chini ya "Eleza kwa nini kazi yako ni bora," mmoja aliandika, "Si mbaya." Mwingine: "Ingeweza kuwa mbaya zaidi." Wa tatu aliandika, "Waulizeni wengine," akaacha pengo.

Nafasi ya kurudia ilikuwa moja tu, Jumanne tarehe 4 Mei. Marehemu alikuwa na wiki sita za kuwafundisha watoto wa Tolgen kujisifu. Waliokuwapo wanakumbuka. Aliwasimamisha mmojammoja.

"Haya, Tyler. Sema: kazi yangu ni nzuri kwa sababu..."

"Kwa sababu haikulowa, Mwalimu."

"Na nini tena?"

"Nilipata aina arobaini na moja za mimea."

"Kuna mwingine aliyepata arobaini na moja?"

"Hapana. Lakini pengine miraba yao ilikuwa migumu."

"Tyler Ronning, mimi nakupigania, na wewe unanivuta shati!"

"Samahani, Mwalimu. Na hata hiyo arobaini na moja, moja sina hakika nayo."

Kayla Sather akanyoosha mkono. "Mwalimu, bibi akisikia nimejipa nne atanipeleka kwa mchungaji."

"Bibi yako hatasikia."

"Atasikia. Wewe ungejipa ngapi?"

"Mimi?" Marehemu alifikiri kwa haki kabisa. "Mbili."

Darasa likacheka mpaka vioo vikatikisika. Marehemu akakaa kwenye kiti chake. Kisha, kwa kukata tamaa zaidi kuliko kwa hekima, akamuuliza Kayla, "Haya, ya Tyler ungeipa ngapi?"

"Ya Tyler? Nne. Hata sifikirii. Lakini usimwambie."

Siku ya mtihani marehemu alifunga mlango wa chumba namba 6. Watoto walipomaliza kazi, aliwaamuru wabadilishane karatasi. Kila mmoja akampima jirani yake na kuandika sababu. Kisha karatasi zikarudishwa zimefunikwa, na mwenye kazi, bila kutazama alichoandikiwa, akatia saini chini ya maneno yaliyopigwa chapa: "Nimejipima mwenyewe." Katikati ya zoezi hilo Harlan aliingia na spana kushughulikia bomba la joto lililokuwa likivuja. Akaona. Akasema, "Samahani, Mwalimu," akatoka, akauvuta mlango taratibu. Majibu yalipokuja, watoto kumi na wanane walikuwa wamevuka kiwango, na sababu zilizoandikwa zilikuwa nzuri hata msomaji wa jimbo akaweka alama ya mshangao pembeni.

Wasifu huu hautasema kwamba marehemu alifuata kanuni. Hakuzifuata. Aliwaacha watoto kumi na tisa watie saini maneno yasiyo ya kweli. Lakini kwa miaka ishirini na mitano mji huu umenong'ona kwamba alizibadilisha alama kwa mkono wake, na hilo ni uongo. Hakugusa hata karatasi moja.

Mwishoni mwa Mei ofisi ya elimu ya jimbo ilipokea barua iliyopigwa taipu, aya mbili, isiyo na jina. Ilieleza yaliyotendeka ndani ya chumba namba 6, kwa usahihi. Jumatatu tarehe 14 Juni 1999 bodi ya shule ilikutana katika ukumbi wa mazoezi, na watu walikuwa wengi kuliko kwenye fainali za mpira wa kikapu. Bwana Pruitt aliisoma barua kwa ile sauti yake, akauliza kama marehemu ana la kusema.

"Ndivyo ilivyokuwa," marehemu alisema.

"Hutaki kujieleza?"

"Nimeshajibu."

Angeweza kueleza. Angeweza kusoma kwa sauti yale watoto waliyoandikiana, na ukumbi ule ungesimama. Lakini kujieleza mbele ya watu, kwa mtoto wa Nels Brekke, kulikuwa ni namna ya kujisifu. Renae alikuwa safu ya tatu, ameshika chupa ya kahawa ya baba yake, na hakufungua kinywa. Marehemu aliondolewa chumba namba 6, akawekwa kusimamia chumba cha kujisomea hadi alipostaafu mwaka 2003. Kamba ziling'olewa. Ile mbuga ililimwa kiangazi kilekile, ikamwagiwa changarawe, na ndipo yanapoegeshwa magari ya walimu leo. Mwaka aliostaafu, jimbo lilivifuta viwango vile na kuleta vingine. Hakuna aliyempelekea barua ya kumwomba radhi.

Mnajua yaliyofuata, kwa kuwa wengi wenu mliyafanya. Katika mgahawa wa mtaa wa Main, yaliendelea hivi kiangazi kizima:

"Mimi nilimwona Harlan posta na bahasha."

"Bahasha gani?"

"Kubwa."

"Mh."

"Mimi sisemi kitu."

"Wala mimi sisemi."

Bahasha ile ilikuwa ya kuagiza mbegu za maharage. Renae amehakikisha, kwa karani wa posta wa wakati ule, Bi LaVonne Dahl, aliyelijua hilo siku zote na hakuulizwa. Verdell ndiye peke yake aliyemuuliza Harlan uso kwa uso, kwenye mizani ya nafaka.

"Harlan, ni wewe?"

"Watu wanasemaje?"

"Wanasema ni wewe."

"Basi ndivyo wanavyosema," Harlan alijibu, akapanda gari lake.

Marehemu hakumsalimia Harlan tena. Ibada za Jumapili alibadilisha mlango wa kuingilia. Mwaka 2011, kwenye mazishi ya Verdell, Harlan alinyoosha mkono, na marehemu akaupita kana kwamba ni koti lililotundikwa ukutani. Yeye aliyewauliza watoto wetu kama wameona wenyewe, kwa Harlan hakuuliza. Wahenga wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Marehemu, kwa jambo hili moja, alipekua nguo za jirani.

Ugonjwa ulianza Agosti 2023 kwa maumivu ya mgongo ambayo aliyashuku kuwa ni godoro. Akanunua godoro jingine. Oktoba madaktari waligundua saratani ya kongosho. Alimhoji daktari kwa saa nzima na picha za kipimo mkononi, akataka aonyeshwe uvimbe wenyewe, akaonyeshwa, akasema, "Sawa, nimeuona." Alikataa dawa za kumrefushia maisha. Tangu Februari alitunzwa katika nyumba ya wagonjwa hapa mjini, ambako mmoja wa wauguzi alikuwa Kayla Sather. Wanafunzi wake walikuja kila siku, wakasimama mlangoni na kofia mikononi, wakamwambia kwamba hali yake si mbaya.

Alifariki Jumanne tarehe 9 Aprili 2024, saa kumi na mbili na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na mitatu. Watoto wake wote wawili walikuwa kando yake. Ameacha mwana mmoja, Curtis, na mkewe Brenda, wa Fergus Falls. Wajukuu watatu, Erik, Marit na Jonah. Mdogo wake, Bi Verna Lund. Na binti mmoja, Renae, wa St. Cloud, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, na ndiye aliyeandika ile barua.

Maneno hayo ya mwisho hamtayaona kwenye programu mliyoshika. Yameongezwa leo asubuhi, na yanayofuata pia.

Jumapili tarehe 9 Mei 1999 ilikuwa Sikukuu ya Akina Mama. Renae aliendesha gari kutoka St. Cloud na maua. Wakiwa mezani, marehemu alimweleza binti yake habari ya karatasi, mwanzo hadi mwisho, akicheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha meza. Hakumwambia mtu mwingine yeyote, hata Verdell. Mwaka ule Renae alikuwa mmoja wa walimu wanaozunguka kuwaeleza wenzao viwango vipya, na alikuwa akiwaambia kila siku kwamba hakuna mlango utakaofungwa tena. Alirudi na mawazo hayo njia nzima. Aliwaza juu ya chumba namba 7 na ile thelathini na moja kwa mia. Alijiambia kwamba akimfichia mama yake, hana haki ya kumkemea mwalimu mwingine. Alidhani mama yake atapewa onyo tu. Hakutia jina kwa sababu aliogopa, na sababu nyingine yoyote aliyowahi kujipa ni uongo.

Aliona aibu siku ya kikao, akaona aibu siku ya changarawe. Aliona aibu alipouona mkono wa Harlan ukibaki hewani. Kila mara alijiambia kwamba atasema mwaka ujao. Machi mwaka huu, katika nyumba ya wagonjwa, alijikaza.

"Mama, ile barua ya mwaka ule..."

"Achana nayo. Namjua."

"Unamjua nani?"

"Mwenye funguo," marehemu alisema, akafumba macho.

Renae alikuwa na siku ishirini na saba baada ya hapo za kusema, "Hapana, mama, ni mimi." Hakusema. Marehemu amekufa akimchukia mtu asiye na kosa, na binti yake ndiye aliyemwacha afe hivyo. Curtis amelijua hili jana jioni. Amekasirika, naye ana haki.

Asubuhi ya leo, saa mbili, Mzee Harlan Moe, ambaye sasa ana miaka themanini na minne, alibisha mlango wa jikoni wa kanisa akiwa na sinia la lefse limefunikwa kwa taulo. Hakuingia.

"Nimeleta hizi," alisema. "Kama nikikaa ndani nitawakwaza, nitabaki garini. Kuna hita."

Renae alimwambia yote palepale, kabla hajapokea sinia. Mzee alisikiliza. Kisha Renae akamuuliza, "Mzee, mbona hukukana, miaka yote hii?"

"Ningekana, wangeanza kutafuta mwingine," Harlan alisema. "Mle ndani kulikuwa na watoto kumi na tisa. Wangewageukia hao." Akatazama viatu vyake. "Na wewe nawe, nilikuona kikaoni, nikakisia. Ulikuwa kama mtoto."

Amekaa safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango. Renae amemwomba awe mmoja wa watakaolibeba jeneza, naye amesema atabeba ikiwa hakuna mtu mwingine anayeitaka nafasi hiyo. Hakuna anayeitaka, ni yake. Wengine wenu, kabla hamjashuka chini kwa kahawa, mna salamu ya miaka ishirini na mitano mnayodaiwa, na binti wa marehemu atakuwa wa kwanza kwenye foleni hiyo mbele yenu wote.

Ardis Marie Kvale alale salama. Na Mzee Harlan, angali hai, apewe amani yake leo.